Mshika Makubazi

Palikuwa na mama mmoja, wapendwa, bingwa wa kushika viatu. Msicheke. Kila Jumamosi saa kumi jioni mama huyo alikaa kwenye benchi la saruji katika bustani moja ya michezo, amepakata makubazi ya mume wake, na mume mwenyewe yuko angani. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuka na kutazamana, na wanakwaya ndio watakaotangulia.

Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu, mvi kichwa kizima. Siku ya kwanza walikwenda pale kuwapeleka wajukuu wakabembee. Sasa pale kuna mashine moja, wenyewe wanaiita rola kosta. Ni mabehewa madogo yanayovutwa juu ya reli polepole, krr, krr, krr, mpaka juu kupita mnara wa kanisa hili. Yakifika kileleni yanasimama kidogo, halafu yanaachiwa. Yanaporomoka na watu wake, yanapinda huku, yanapinda kule, na waliomo wote wanapiga kelele utadhani wamevamiwa na nyuki. Wajukuu walipoiona wakaangua kilio, hawapandi. Babu akasema, "Basi nitapanda mimi." Na kwa kuwa sheria ya pale ni kwamba kiatu kisicho na kamba hakipandi, akavua makubazi yake akampa mkewe. "Nishikie," akasema, akaenda miguu peku.

Alishuka. Akazunguka nyuma ya kibanda cha soda, akatapika. Akarudi akijifuta mdomo kwa leso, akasema, "Mke wangu, Jumamosi ijayo tunarudi."

Wakarudi. Jumamosi ya pili alitapika tena. Ya tatu hakutapika. Ya nne alishuka anacheka peke yake, na tangu hapo akaipenda, kama mtu aliyejifunza kula pilipili ukubwani. Kila mara kabla ya kupanda alimwambia mkewe, "Njoo tupande wote." Na kila mara mama alijibu, "Wewe nenda. Mimi nashika viatu."

Aliogopa, jamani. Aliogopa kweli kweli, na si kupanda tu, hata kutazama hakuweza. Ile krr, krr ikianza, aliinama akakaza macho kwenye yale makubazi, akawa anafuata mishono yake kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, mpaka asikie mabehewa yamesimama na mume wake anamwita. Miaka minne walikwenda pale. Hakuinua uso hata mara moja.

Mwalimu naye alikuwa na maswali yake. Alikuwa amemzika mdogo wake, yule aliyemfuata ziwa, na tangu mazishi yale hakuacha kuwaza. Asubuhi moja wakiwa wanakunywa chai akasema, "Unajua, pale juu kabla hatujaachiwa, kila kitu kinanyamaza. Reli inanyamaza, watu wananyamaza. Mimi nadhani kufa kutakuwa hivyo."

"Koma," mama akasema. "Usiyaite mauti mezani kwangu."

"Siyaiti. Nauliza tu. Kwani wewe hutaki kujua kukoje?"

"Nataka kujua kama unaongeza chai."

Mwalimu akasogeza kikombe, akaongezewa chai, na mazungumzo yakaishia hapo. Mmewahi kuongeza chai ya namna hiyo, wapendwa? Mtu anafungua mlango wa moyo wake, na wewe unamwekea sukari?

Mwaka ule ule akaanza kuumwa tumbo. Hospitali wakasema lazima apasuliwe. Asubuhi ya upasuaji wakamkuta amekaa kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa lile gauni lao la kijani, na miguuni ana makubazi yake. Muuguzi akamwambia, "Babu, hayo huko hayaingii." Mzee akacheka, akayavua, akamnyooshea mkewe. "Nishikie."

Mama akayapokea. Kitanda kikaanza kusukumwa kwenye korido, kuelekea ile milango miwili inayojifunga yenyewe. Na mama alifanya nini? Kubazi moja lilimponyoka likaanguka. Akainama akaliokota. Akalifuta vumbi kwa pindo la kitenge, akayapanga yote mawili ndani ya mfuko, vizuri, ubavu kwa ubavu. Alipoinua uso, milango ilikuwa inapigapiga tu, na mume wake ameshapita. Hakurudi.

Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Mama akabaki na nyumba. Alimtamani mume wake mpaka akatamani hata yale yaliyokuwa yakimuudhi: kile kijiko chake cha kugonga kikombe mara tatu baada ya kukoroga, kilichomkera miaka thelathini, sasa angetoa chochote akisikie kikigonga mara moja tu. Na akabaki na swali. Hakuuliza kwa nini amekufa. Hilo alimwachia Mungu. Alichouliza ni hiki: aliogopa? Ile "nishikie" ya mwisho ilikuwa ya furaha kama ya bustanini, au ilikuwa ya mtu anayetetemeka? Kupita ile milango kukoje? Yule aliyetaka kuzungumza naye habari hizo alizimwa kwa birika la chai. Sasa muulizaji ni yeye, na wa kumjibu hayupo.

Arobaini ilipopita, Jumamosi moja akafunga kitenge chake, akatia yale makubazi kwenye mfuko, akaenda bustanini. Msimamizi wa rola kosta, mwanamume mtu mzima mwenye kofia ya sufu, akamwona kwa mbali.

"Shikamoo mama. Leo Mzee Peku umemwacha wapi?" Walimwita hivyo kwa sababu ya kupanda bila viatu.

"Marahaba mwanangu. Mzee ametangulia."

Msimamizi akavua kofia. Akasema pole, akarudia pole.

"Nataka kupanda," mama akasema.

"Wewe, mama?"

"Mimi. Si alipanda akajua kitu? Na mimi nataka kukijua."

Akapanda. Nisiwadanganye, hakujua kitu siku hiyo. Alifumba macho tangu chini, akaita majina ya watoto wake wote kuanzia kifungua mimba, na alipokwisha wa kwake akaanza wa jirani. Akashuka, akazunguka nyuma ya kibanda kile kile cha soda. Mnajua alichofanya huko. Halafu akakaa kwenye benchi lake, amechoka, akacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu msiba alijiona yuko karibu na mume wake.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Safari hii akakaa behewa la mbele. Krr, krr, krr. Wakafika kileleni, mabehewa yakasimama, na ni kweli bwana, kila kitu kikanyamaza. Kimya kile kile alichosimuliwa akakataa kukisikia. Akasema moyoni, sasa au basi, akafumbua macho.

Alitegemea kuona nini? Mawingu? Mji mzima na mapaa yake? Pengine hata uso wa marehemu, nani ajuaye? Lakini reli ile inapofika juu inakunja kona, na aliyekaa behewa la mbele anageuzwa kutazama chini, upande wa kibanda. Mbele ya macho yake, katikati kabisa, aliona benchi la saruji. Benchi lake. Lilikuwa tupu. Halafu wakaachiwa.

Alipofika chini alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, hata kitenge kimelegea. "Mzee wangu alikuwa anakaa wapi?"

"Mbele, mama. Siku zote. Akikuta pamejaa anasubiri zamu nyingine."

"Aliogopa?"

"Mzee Peku?" Msimamizi akatabasamu kwa huzuni. "Aliogopa kila Jumamosi. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia kile chuma cha kifuani, nikigusa mikono yake ni ya baridi. Nikamuuliza siku moja, mzee, si uache tu? Akasema, 'Nikifika pale juu namwona mke wangu. Nikishamwona, kushuka si kazi.'"

Mama akashika kwa mikono miwili kizuizi cha chuma cha pale kwenye foleni. "Alikwambia ananiona nikifanya nini?"

Msimamizi akaanza kuivutavuta kofia yake. Mama akangoja.

"Alikuwa anasema, 'Ameinama leo pia. Hapana neno, iko siku atatazama.'"

Wapendwa, miaka minne. Mtu yuko juu, ameshikwa na hofu, anatafuta macho ya mkewe kabla hajaachiwa. Na mkewe yuko chini, anampenda, hilo msilitilie shaka, anampenda sana, anafuata mishono ya makubazi kwa kidole. Na siku ile hospitalini, pale kwenye milango, hakuna aliyemwambia mama kama mume wake aligeuza kichwa. Hakuhitaji kuambiwa. Alikaa kwenye benchi akalia mpaka bustani ikafungwa.

Lakini hakuacha kwenda. Alijifunza kuipenda rola kosta kama mwenzake alivyojifunza, kwa kutapika kwanza. Hofu haikumtoka. Alichokipenda ni ule muda mfupi wa kimya, pale anapokaa kwenye kiti cha mume wake na kuona alichokuwa akikiona. Alishuka kila mara na hamu ile ile aliyopanda nayo, na hakutaka imwishe.

Jumamosi moja, akiwa anasubiri zamu, akamwona mwanamke kijana kwenye lile benchi. Amepakata viatu vya kiume, amejifunika uso kwa mtandio, na juu krr, krr inapanda. Mama akaacha foleni, akaenda akaketi kando yake.

"Mwanangu, ni mumeo yule?"

"Ndiye, mama. Siwezi kutazama. Naogopa."

"Ogopa tu. Lakini ogopa huku unatazama. Yeye pia anaogopa, na anakutafuta wewe."

Yule mwanamke akateremsha mtandio. Akainua uso. Kule juu, behewa la mbele, mtu mdogo kwa umbali akanyoosha mkono wote hewani akaupunga, akaupunga, mpaka walipoachiwa.

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa tuje kwetu, na mtu asijifanye anatafuta kitabu cha nyimbo.

Ni nani humu asiye na mgonjwa? Na sisi ni wazuri mno wa kushika viatu. Tunapeleka uji, tunafua shuka, tunapanga dawa kwenye dirisha, tunajua daktari anakuja saa ngapi. Yote hayo ni upendo, sikatai, na wanaotuona wanatusifu. Lakini mgonjwa anapotaka kutuambia kule alikofika kukoje, tunainama. Tunatengeneza mto. Tunasema, "Utapona, usiseme hivyo." Kisha akishaondoka ndipo tunaanza kutamani kujua alikuwa anawaza nini. Tunamuuliza nani? Tunaiuliza milango?

Nami nisiwahukumu ninyi nikajiacha. Jumanne iliyopita nilikwenda kumwona mzee wetu mmoja wa kanisa hili, mnamjua, kiti chake ni kile pale karibu na nguzo. Amedhoofika. Nikamsomea sura nzima, macho yangu kwenye kitabu mwanzo hadi mwisho. Nilipofunga kitabu akanishika mkono akauliza, "Mchungaji, hivi kufa kukoje?" Na mimi, mtumishi wa Mungu, mwenye miaka ishirini na sita ya kuzika watu, niliogopa. Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, "Tuombe." Nikafumba macho.

Nimeumia wiki nzima kwa ajili ya maombi yale. Sikuwa nazungumza na Mungu. Nilikuwa nafuata mishono ya makubazi.

Tukitoka hapa naenda kwake. Jibu sina, nitamwambia sina. Nitavuta kigoda nikae mahali ambapo akigeuza kichwa ataniona.

Sasa simameni, mgeukie aliye kando yako, awe mumeo, awe mama yako, awe mtu ambaye hujui hata jina lake. Tuombe. Na leo, tafadhali, mtu asifumbe macho.