Ubuyu Mwekundu wa Bi Raya

Hapo zamani, rangi zilipouzwa dukani kwa kijiko na hakuna aliyeuliza ni za kutilia nini, kijiji cha Mkoroshoni kilikuwa na mpishi wa ubuyu, Bi Raya. Alipika wa aina mbili: mweupe, wa sukari na hiliki tu, na mwekundu. Mwekundu ndio uliopendwa. Hata imamu akifungua kinywa, safu ya mbele ilijua ametokea wapi.

Basi matumbo yakaanza kuuma. Leo nyumba hii, kesho ile. Mzee Juma akalazwa, hajiwezi. Na harusi ya binti wa Sheha ilikuwa wiki ijayo, Bi Raya ameagizwa masufuria matatu!

Sheha akatangaza: "Atakayenijulisha kinachotuumiza, nampa ng'ombe wangu wa maziwa."

Wa kwanza alikuwa Mwatime, msusi wa mikeka. Alimtazama mumewe akipiga mwayo, akaruka.

"Ebu toa ulimi tena! Mume wangu, hiyo ni rangi ya ukili! Ndiyo ninayotilia mikeka yangu!"

Akaenda kwa Sheha. Watu wakamcheka. "Rangi ni rangi, Mwatime. Mbona bizari tunakula?"

Wa pili alikuwa Kombo, mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi. "Maneno ya nini? Nitakula mimi, mwone."

Siku nzima hakutia kitu kinywani ila maji na ubuyu mwekundu, kopo zima. Jioni akaanza kukimbia. Alikimbia siku tatu, mpaka njia ya chooni ikaota upara. Mkewe akalia, akidhani anakuwa mjane.

Watu wakasema, "Kopo zima? Hata angekula wali angeumwa!"

Wa tatu alikuwa Mgeni, mkunga, mwanamke asiye na haraka. Alipita nyumba kwa nyumba, nyumba arubaini, akifukuzwa na mbwa na kucheleweshwa na kahawa. Kila mlango aliuliza yale yale: "Mnakula ubuyu gani? Kiasi gani? Tangu lini?"

Akarudi kwa Sheha. "Wanaokula mweupe, hata kila siku, wazima. Wanaoonja mwekundu Ijumaa kwa Ijumaa, sikuona anayeumwa. Wanaokula mwekundu kila siku, wanaumwa. Na wazee na watoto ndio wanaoumwa zaidi."

Baraza likamgeukia mpishi. Bi Raya akainuka, machozi yanamtoka. Akatoa pakiti kifuani.

"Rangi ya chakula iliadimika dukani. Nikanunua hii. Imeandikwa mikeka. Nilijiambia kidogo hakidhuru."

Akaenda kumwaga masufuria yote matatu ya harusi shimoni, mbele ya watu. Mwekundu ukakoma, matumbo yakatulia, Mzee Juma akaomba uji. Harusi ikaliwa kwa ubuyu mweupe.

Siku ya pili ng'ombe akaletwa uwanjani.

"Wangu," alisema Mwatime. "Niliitaja rangi kwa jina kabla ya yeyote. Mngenisikiliza, Kombo asingekimbia."

"Wangu!" alisema Kombo. "Wenzangu wametumia macho na midomo. Mimi nimetumia tumbo!"

"Mwatime alijua ni rangi gani, hakujua inadhuru," alisema Mgeni. "Kombo alijua kopo linadhuru, hakujua ni kwa rangi au kwa ulafi. Mimi nilijua inamdhuru nani, na kwa kiasi gani."

Bi Raya naye akakohoa. "Bila pakiti yangu, mngekuwa mnakisia mpaka leo. Na aliyemwaga ni mimi."

"Astaghafiru!" uwanja mzima ukapiga kelele. Lakini Mzee Juma, aliyeumwa kuliko wote, alisema, "Mwacheni aseme. Wangapi wangeitoa ile pakiti?"

Sheha akamgeukia huyu, akamgeukia yule, kamba mkononi. Ng'ombe analia, chuchu zimejaa, anataka kukamuliwa.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mnacheka: ile kamba ingekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?