Mvua Haigongi Ukuta

Naingia.
— Ingia na lako.
Nimebeba mzigo.
— Utue tuuone.

Mzigo wenyewe si wangu. Niliupokea kwa bibi yangu, na njiani nimeongeza kidogo. Mungu anajua nilipoongeza.

Palikuwa na Mama Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa jicho. Aliishi katika ufa wa kichuguu, na ule ufa ulitazama upande mvua inakotokea. Masika yaliyopita maji yaliingia. Alitoka na uhai wake tu; watoto wake wanne hakutoka nao. Mwaka huu alikuwa na mimba tena, na masika yalikuwa yanakaribia. Alitaka kitu kimoja: shimo kavu kabla ya kujifungua.

Jirani yake, Mzee Nungunungu, alikuwa na shimo zuri ila jembamba. Akijigeuza, miiba inakwaruza ukuta, kwaru kwaru, basi akawa halali. Alilitaka shimo la Fisi, maana lilikuwa pana. Fisi naye alisema anahamia pangoni, kule kwenye kilima cha mawe. Mashimo ya porini hayana bei, yana zamu. Fisi akitoka, Nungunungu anaingia. Nungunungu akitoka, Nguchiro anaingia. Wa mbele asipoondoa mguu, wa nyuma hana pa kuweka wake. Wakauita mnyororo.

Na kulikuwa na desturi: shimo lisilokaguliwa haliingiwi. Mkaguzi alikuwa Kenge. Anagonga ukuta kwa mkia, ko, ko, ko. Anauliza majirani siafu hupita wapi, na kama yupo mwingine anayelidai shimo. Ujira wake ni mayai mawili ya kanga kwa kila shimo. Na yai likishaliwa, hata mnyororo ukikatika, halirudi.

Fisi akasema, "Jamani, mimi nahama kesho. Mwiteni Kenge leo hii."

Akaitwa. Ko, ko, ko. Mayai yakatolewa. Kesho yake Fisi akasema, "Mguu unaniuma. Sihami."

Mwezi wa pili Fisi akasema, "Mguu umepona, nahama kesho. Mwiteni Kenge."

"Si alishakagua?" akauliza Nungunungu.

"Ukaguzi wa mwezi jana umechacha, mzee wangu. Siafu wana miguu, hawakai mahali pamoja."

Ko, ko, ko. Mayai yakatolewa. Kesho yake Fisi akasema, "Nimeota vibaya. Sihami."

Mwezi wa tatu, hivyo hivyo. Ko, ko, ko, mayai, na kesho yake tumbo la Fisi likamsokota.

Siku ile Mama Nguchiro alikuwa akitafuta panzi nyuma ya shimo la Fisi. Akasikia fyo, fyo, fyo. Akachungulia. Fisi na Kenge wameketi kwenye lundo la maganda, wanafyonza mayai.

"Mwezi ujao utaumwa nini?" Kenge akauliza.

"Jino," akasema Fisi.

Mama Nguchiro hakupiga kelele. Aliondoka polepole na tumbo lake zito, akakaa chini, akawaza. "Hawa ni wezi, sawa. Lakini na mimi nina langu. Nilikagua mkia wa mnyororo kabla ya kukagua kichwa. Tumegonga mashimo yetu mara tatu, na hakuna aliyekwenda kugonga kule anakohamia wa mbele."

Akangoja. Fisi akamwita, hakwenda. Akangoja mpaka siku mawingu yalipoinama na upepo ukaanza kunuka udongo. Hapo akamchukua Nungunungu, wakaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Mayai yako wapi?"

"Yapo. Ila safari hii tumeona Kenge aanzie pangoni, huko unakohamia. Nina wasiwasi mmoja tu. Wanasema chui aliyekuwa akikaa kule aliacha akiba ya nyama, ndani kabisa, konani. Sasa Kenge akiingia peke yake..."

"Wanasema akina nani?"

"Hao wanaosema."

Hapo simsifu wala simhukumu. Neno hilo "wanasema" na mimi nimelitumia, tena kwa jambo kubwa zaidi.

Mate yakamtoka Fisi, do, do, do. "Pango langu nitalisimamia mwenyewe."

"Kwa hiyo unahama?"

"Nahama, nahama," akasema, na miguu ilikwisha kuondoka.

"Umesikia, mzee?" akauliza Mama Nguchiro.

"Nimesikia. Lakini shimo lake je, halikaguliwi?"

"Linakaguliwa sasa. Kenge hugonga. Mvua haigongi, mvua huingia. Simama mlangoni utazame."

Mvua ikashuka, shaaa. Wakatazama. Maji yakaja tiriri mpaka mlangoni, yakakunja kona, yakaenda zake. Ndani vumbi tupu. Nungunungu akaingia kinyumenyume, miiba ikitazama nje.

Mama Nguchiro akaenda kwenye shimo la Nungunungu, naye hakuingia kwanza. Alisimama mvuani akatazama. Tone moja lilipenya kona ya kushoto. Akapaziba kwa udongo, akangoja tena, tone halikurudi. Ndipo akaingia. Kabla mvua haijakatika alikuwa na watoto watatu, wakavu.

Fisi akarudi ameloa. Pangoni alikuta mavi ya popo.

"Hodi."

"Hapa pana mtu," akajibu Nungunungu.

"Mzee wangu, hapo ni kwangu."

"Si ulisema unahama? Umehama. Tumehama. Karibu tuzungumze."

Fisi akaingiza pua. Chwa. Akaitoa pua ikiwa na miiba miwili. Akarudi pangoni, akamkuta Kenge amesimama mlangoni.

"Pango nimelikagua," akasema Kenge. "Nipe mayai yangu mawili."

Hadi leo anamdai.

Funzo lake ni hili, ndugu zangu: ukinunua nyumba, usiikague, utamkera mwenyewe. Ukishindwa kujizuia, nenda kiangazi, kuta zikiwa kavu na muuzaji akitabasamu, na akikwambia wanasema mtaa huu haujai maji, mwamini. Ndivyo nilivyomwambia Bwana Sefania aliponunua yangu mwezi wa kwanza. Ana watoto watatu. Wingu likikusanyika, nami hukusanya maneno ya kwenda kumwambia. Likitawanyika, nasema bado kuna siku.

Mzigo nimeutua.
— Tumeupokea.
Mtaniwia radhi, sitakaa kula. Kunanuka udongo, na kwa Sefania ni mbali.
— Nenda, mvua isikutangulie.