Madole Gumba Mia na Saba

Dole gumba halifungui mlango. Mmeisikia, wajukuu, mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi: Jumanne ya tarehe kumi na mbili Machi, mashine ilifuta sauti ya marehemu mke wa Mzee Chilongani wa Mpwapwa.

Mbeleje, mkewe, alikuwa amerekodi maneno elfu mbili kabla maradhi hayajamzidi. Yalikuwa ya programu ya kuwasomea barua wasioona, programu ya bure inayojengwa na watu wa kujitolea. Sharti lao: mchango hukaa mlangoni mpaka wawili kati yao waufungue na kuukagua. Ukipita mwaka bila kukaguliwa, mashine inaufuta. Na simu aliyorekodia ilishaibiwa hospitalini.

Mzee akapanda basi hadi Dodoma, kwenye mkutano wa mradi. Msimamizi, kijana aitwaye Lugendo, alikuwa akionyesha ukutani mstari unaopanda, ati wachangiaji wameongezeka na kazi inasonga. Mzee, aliyeishia darasa la nne, akautazama mstari ule akitafuta mkewe yuko sehemu gani. Hakumwona.

Akauliza kosa la mkewe.

“Hana kosa, mzee wangu,” akasema Lugendo. “Mchango wake ndio uliopendwa kuliko yote. Ulipata madole gumba mia na saba.”

“Dole gumba ndiyo nini?”

“Alama. Mtu anaibonyeza kusema kazi ni nzuri.”

“Nzuri, halafu mkaifuta?”

Lugendo akajikuna shingo. Akaeleza kwamba kila aliyepita aliona madole, akadhani wenzake wameshakagua, akaongeza lake akaenda zake. Wasimamizi nao waliyahesabu madole wakayaita maendeleo. Mzee akazidi kuchanganyikiwa. Akauliza kama sauti yaweza kurudi.

“Aliyeufungua mchango atakuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Mmoja tu anatosha.”

Mzee akaugeukia ukumbi.

“Nyinyi wakubwa, mgonjwa amepiga hodi mwaka mzima, mnampigia makofi dirishani. Dole gumba halifungui mlango.”

Wachache wakacheka.

“Kwenye neno la kumi alikohoa,” akasema mzee, “akaomba radhi, akarudia. Kati ya mia na saba, nani alimsikia?”

Watu wakainamia simu zao.

Toka hapo, anayesifu kazi asiyoigusa huambiwa: dole gumba halifungui mlango. Ila swali alilouliza mzee siku ile halijapata wa kulijibu: kati ya wale mia na saba, nani alimsikia Mbeleje akikohoa?