Msiba wa Godoro, Kondoo wa Simba

Nyamazeni kidogo, na wewe uliyekaa nyuma toa kidole puani. Hii sikuhadithiwa. Niliiona kwa macho yangu, nimekaa juu ya kichuguu karibu kabisa na mkia wa Simba, na Simba mwenyewe akanipa shikamoo!

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo babu zenu walikuwa hawajaota hata jino, kulikuja kiangazi. Kikali vipi? Kanga alitaga mayai yakatoka yameshachemka. Kobe alivua gamba akawa analibeba kwapani kama koti. Kivuli chenyewe kilikuwa kinahangaika kutafuta kivuli.

Siku hizo Simba alikuwa bwana mkubwa, ana nyumba ya bati, na nyumbani kwake amefuga kondoo. Mnacheka nini? Nyinyi mnafuga paka, yeye alifuga kondoo. Hakumfuga amle, alimfuga ampapase. Manyoya ya kondoo yule yalikuwa mengi mpaka ukiyatupia jiwe, jiwe halionekani tena. Kila mchana Simba alijilaza juu yake, ndiyo maana akamwita Godoro.

Aliyemtunza Godoro ni Nguchiro. Mdogo, ukimtia ndani ya kiatu anapata nafasi ya kugeuka. Kila asubuhi alimtoa kupe, akamchana, akamsafisha masikio. Siku za baridi Godoro naye akamlaza ubavuni. Wakapendana mno.

Sasa joto lile, na manyoya yale! Godoro akaanza kuhema, heh-heh-heh-heh, ulimi nje.

"Mtani wangu," Nguchiro akamwambia Simba, maana koo zao zilikuwa na utani tangu enzi, "huyu anaungua. Niache nimpunguze manyoya, nimpeleke kivulini, nimpoze na maji."

Fisi, mganga wa nyumba, akadakia. "Thubutu! Mzee, maji yanaozesha manyoya. Na yakikatwa, yanaota ya mbuzi! Dawa ya joto ni jua. Mweke juani azoee." Mate yakamdondoka, ti, ti, ti, akayafuta haraka.

Simba akaunguruma. "Umesikia, Nguchiro? Manyoya ya Godoro ndiyo heshima ya nyumba hii. Kata hata unywele mmoja uone. Nitakutafuna bila chumvi!"

Godoro akafungwa kwenye kigingi katikati ya uwanja, jua la utosi. Heh-heh-heh. Heh-heh. Heh... Puu! Akaanguka.

Fisi akafika wa kwanza, hata vumbi halijatulia. Akamwekea sikio kifuani, lakini macho yako kwenye mapaja. "Amekufa, Mzee! Pole sana. Lete kisu kabla nyama haijaharibika."

Simba akalia mpaka bati la nyumba likanyanyuka.

Nguchiro akamwinamia rafiki yake. Akaona tumbo linapanda kidogo, linashuka kidogo. Yu hai! Lakini akisema hivyo, Fisi atamwambia Simba amwache hapo hapo juani, na hapo atakufa kweli. Nguchiro akamgeukia Fisi.

"Fisi, una hakika amekufa?"

"Kafa kabisa!"

"Unaapa mbele ya Mzee?"

"Naapa kwa mifupa ya mama yangu!"

Nguchiro akaweka mikono kichwani. "Uwiii! Uwiii jamani! Msiba umeingia kwa mtani wangu!" Halafu akamgeukia Simba, akashika kiuno. "Wewe kichwa kapu la pumba! Mfiwa gani analia kama chura aliyekanyagwa?"

Loo! Wanyama waliokimbilia kilio wakarudi nyuma. Simba akafungua mdomo, meno kama reki. Halafu akaufunga.

Mnajua kwa nini? Siku ya msiba mtani ndiye mkubwa. Atakutukana, atakutuma, na ukimkasirikia umejiaibisha wewe na ukoo wako wote. Fisi ndiye aliyesema ni msiba, tena kaapa!

"Haya," Nguchiro akasema, "maiti lazima anyolewe na aogeshwe. Kazi hiyo ya nani?"

"Ya... watani," Simba akasema.

"Na anaogeshewa juani au kivulini?"

Simba akajikuna. Kila mara wazee walipoeleza mambo ya mila, yeye alikuwa anakoroma. Na bwana mkubwa atauliza vipi? "Kivulini," akabahatisha.

"Hodari! Maji anachota nani?"

"Fisi?"

"Mfiwa! Ala! Hawakukufundisha kwenu?"

"Walinifundisha! Nilikuwa nakupima tu."

Nguchiro alilitunga hilo pale pale, jamani, hata halijapoa!

"Mzee," Fisi akanong'ona, "na ile nyama je?"

"Nani anataja nyama msibani?" Nguchiro akafoka. "Wewe utachimba kaburi."

Fisi akataka kubisha, kisha akawaza: nikimzika mimi, nitamfukua mimi. Akatabasamu hadi masikioni. "Kwa heshima ya marehemu!" Akaanza kuchimba, chwa, chwa, chwa.

Wakamvuta Godoro chini ya mkwaju. Nguchiro akashika mkasi. Kacha-kacha-kacha! Manyoya yakarundikana mpaka ndege wakadhani wingu limeanguka. Simba akaja mbio na mtungi kichwani, anahema.

"Taratibu, usimmwagie wote kwa mpigo! Anza miguuni. Sasa tumboni. Sasa masikioni. Chukua jani la mgomba, pepea."

"Maiti anapepewa?"

"Kwa joto hili, unataka anuke?"

Simba akapepea.

Godoro kimya. Nguchiro akamdondoshea maji mdomoni. Kimya. Manyoya yameshakatwa. Asipoamka, rafiki hana, na msiba ukiisha Simba anakumbuka kumtafuna bila chumvi.

"Godoro," akamnong'oneza, "amka mama. Amka, nani atanilaza ubavuni?"

Simba akasogea, akachungulia. "Mbona simwoni Godoro wangu? Naona panya mkubwa." Mdomo ukaanza kufunguka tena.

Sikio la Godoro likacheza. Pata!

"Chyaaa!" Godoro akapiga chafya. "Mee?" Akasimama, akayumba, akainamia mtungi, akanywa mpaka ukalia gu-gu-gu. Halafu akajitikisa, mwepesi, akaanza kurukaruka kama mwanakondoo!

Wanyama wakapiga vigelegele mpaka embe zikaanguka nchi jirani.

"Yu hai!" Simba akalia, akacheka, akalia tena. Kisha akachungulia shimoni. "Fisi. Uliapa."

"Mzee, ni... ni miujiza yangu ya dawa ya jua..."

Simba akainua mtungi mwingine, akaumimina wote shimoni. Chubwi! Fisi akatoka humo kama mshale, matope hadi kwenye kope, akakimbia. Godoro akaja akaliangalia shimo lenye maji, akaingia, akaketi. Mee.

"Na wewe, Nguchiro!" Simba akageuka. "Umenyoa heshima yangu!"

"Msibani mtani hakasirikiwi," Nguchiro akasema, mkasi mkononi. "Tena msiba haujaisha. Mfiwa bado hajanyolewa."

"Anyolewe!" wanyama wakapiga kelele. "Anyolewe! Mila ni mila!"

Simba akatazama huku, akatazama huku. Akakaa chini. Kacha-kacha-kacha! Manyoya ya shingo yote chini, kichwa kama kibuyu. Kaupepo kakapita, fyuu.

"Aaah," Simba akafumba macho. "Kumbe mwenzangu alikuwa anabeba moto huu, nami namlalia juu!"

Tangu siku hiyo, kila kiangazi, Nguchiro ndiye mwenye amri: Godoro ananyolewa mapema, anashinda chini ya mkwaju, na mtungi hauachwi mtupu. Na anayeujaza ni Simba mwenyewe.

Basi shikeni hili: ukifuga mnyama, joto lake ulisikie wewe kabla hajaanguka.

Mbona mnanikodolea macho? Haya, haya! Yote kweli tupu, isipokuwa Simba kunyolewa. Hilo nimelitia mimi. Nani angemsogezea Simba mkasi? Alijimwagia maji kichwani tu, akasema aaah.