Upanga wa Ratili Kumi

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiogopa mizani kuliko simba, palikuwa na sultani jina lake Jauhari, mwenye tumbo kubwa na imani ndogo. Aliamini wahunzi wote ni wezi. Basi kila alipotoa bonge la chuma lifuliwe upanga, alilipima kwanza, na upanga ukija akaupima tena. Ukipungua ratili moja, mhunzi hukatwa mkono.

Mhunzi wake, Fundi Vuai, aliipenda mikono yake yote miwili. Ikawa hakifui chuma kikatoa taka zake, zile punje za mawe na magamba ambazo wahunzi huziita mavi ya chuma. Aliziacha humohumo, akagonga juujuu, akang'arisha. Upanga ukatimia uzito, ukapendeza kama bibi harusi.

Siku ya Idi, mbele ya wageni wa nchi saba, Sultani akauchomoa upanga akate boga. Boga likabaki zima. Upanga ndio uliokatika, na kipande kikaruka kikazama katika bakuli la mchuzi la Kadhi. Wageni wakaanza kuusifu uzuri wa dari.

Vuai akaletwa, akakiri kwamba ndani ya chuma mlikuwa na taka.

"Vema," akasema Sultani. "Chukua bonge jingine, ratili kumi. Baada ya siku saba niletee upanga usio na taka, na ratili zangu kumi ziwe kamili. Ukivunjika, kichwa. Zikipungua, kichwa."

"Bwana wangu, ninacho kimoja tu."

"Basi kitunze."

Vuai akarudi nyumbani akilia. Shemeji yake Shekuwe, fukara asiye na kitu ila ulimi na kanzu yenye madirisha, alikuwa barazani akimalizia wali wa jirani.

"Wewe fua tu, shemeji," akasema. "Lipige, likunje, lipige tena, hata taka zitoke. Mimi nitafagia."

"Kichwa changu kinaondoka, nawe wafagia?"

"Ulitaka nishike nyundo? Tangu lini?"

Basi Vuai akafua siku sita, magamba yakiruka kama panzi, na Shekuwe akizoa kila punje, hata zilizoingia katika ndevu za Vuai.

Siku ya saba wakaenda barazani kwa Sultani. Upanga ukakata boga, ukakata meza chini ya boga, na Kadhi akasogeza bakuli lake mbali. Kisha ukawekwa mizanini: ratili sita.

"Mshikeni," akasema Sultani.

Shekuwe akajitokeza na kifuko, akakifunga kwenye mpini. Mizani ikashuka: ratili kumi, hazipungui hata unywele.

"Mna nini humo?"

"Mavi ya chuma, Seyidi. Uliagiza upanga usio na taka, na ratili zako kumi. Hizi sita zinakata. Na hizi nne ndizo ulizokuwa ukizivaa kiunoni miaka yote, sisi tukikupigia tarumbeta."

Vuai akashika shingo yake, kama anayeiaga.

"Bwana wangu," akaendelea Shekuwe, "jiwe ndani ya wali ni dogo, lakini jino hulijua. Upanga nao huvunjika palipo na jiwe. Mpishi wako huchagua mchele kila siku, na ungo hurudi mwepesi. Mbona hujamkata mkono?"

Kadhi, aliyeukumbuka mchuzi wake, akaanza kucheka. Sultani akamkazia macho, akajizuia, mashavu yakamvimba, kisha akaangua kicheko hata mshipi ukamkatika.

"Vuai, nenda na kichwa chako," akasema akijifuta machozi. "Tangu leo mtu asiupime upanga kabla ya kuujaribu. Wewe mwenye kanzu ya madirisha, utakula jikoni kwangu maisha yako yote. Haya, ondoa kifuko hiki."

"Hapana, Bwana," akasema Shekuwe. "Hicho ni chako. Sisi si wezi."

Wakatoka. Sultani akabaki na upanga na kifuko chake, na Shekuwe akaenda zake jikoni, akala wali wa Sultani hadi uzeeni, akitafuna polepole.