Vishikizo vya Kashata

Farasi hasemi, fundi hapigi ramli.

Mmeisikia leo kwa sababu Zamzam amezunguka mtaa mzima akilalamikia mikono ya gauni lake jipya. Kamwonyesha mama yake, kamwonyesha dada yake, kamwonyesha hata muuza mkaa, na fundi cherehani aliyelishona anakaa hapo ng'ambo ya barabara. Nikamtupia methali, mkacheka, kisha mkaniuliza farasi anaingiaje kwenye gauni. Haya, kaeni. Mwenye maharage ya kuchambua achambue huku anasikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Kule milimani Usambara kulikuwa na kijiji kiitwacho Kwemivumo, kimekaa ubavuni mwa mlima, mahali ambapo chungwa likikuponyoka mlangoni kwako unakwenda kuliokota kwa jirani wa chini. Msiniulize farasi walifikaje huko. Walikuja na wenye mashamba ya kahawa, wenye mashamba wakaondoka, farasi wakabaki. Ndio waliokuwa wakiteremsha maziwa, kwa sababu gari halikuweza kupanda njia ile, na mvua ikinyesha hata mtu mwenye miguu miwili alishuka kwa makalio.

Bi Hidaya alikuwa mjane kijijini hapo. Marehemu mumewe alimwachia ng'ombe wawili wa maziwa na farasi jike mmoja, rangi yake kama kashata iliyoungua sukari kidogo, basi akaitwa Kashata. Kila alfajiri Kashata alibeba madumu ya maziwa, ya Bi Hidaya na ya majirani, akayateremsha mpaka kituo cha kununulia maziwa kule chini. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki ya mama yule. Ng'ombe bila Kashata ni maziwa ya kumwaga, na farasi kiwete kwenye mteremko ule hana maisha.

Sasa, wa kuwavalisha farasi viatu, vile vya chuma vinavyopigiliwa misumari kwenye kwato, alikuwa mmoja tu milima yote ile, Fundi Shekwavi. Alikuwa rafiki wa marehemu, mtu wa kazi safi na maneno machache, lakini mwepesi wa kununa, sijapata kuona. Mtu mmoja wa kijiji cha pili aliwahi kumwambia kwamba msumari umekaa upande. Fundi akafunga vyombo vyake, akaenda zake, na tangu siku hiyo farasi wa mtu yule akawa anatembea peku. Habari hiyo kila mtu aliijua, na Bi Hidaya aliijua kuliko wote.

Masika ilipokaribia, fundi akaja kumbadilishia Kashata viatu kama kawaida yake. Bi Hidaya alikuwa jikoni. Alipotoka, kazi imekwisha na fundi ananawa mikono. Akatazama kwato za mbele, akashangaa. Viatu vya safari hii vilikuwa na kitu kipya. Kila kimoja kilikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyokunjwa kwenda juu, vimeukumbatia ukwato kwa mbele, kama vidole gumba vinavyoshika ukingo wa sahani. Fundi aliviita vishikizo, basi, hakuongeza neno. Bi Hidaya akataka kuuliza ni vya nini. Akaona mtu anafunga mkoba, ana safari, akamwambia asante fundi, Mungu akuzidishie.

Kesho yake Kashata akachechemea.

Kidogo tu, mguu wa mbele wa kulia, wakati wa kuteremka. Bi Hidaya akajiambia ni ugeni wa viatu. Siku iliyofuata akachechemea zaidi. Mama wa watu akainama kuutazama ule ukwato, asione jeraha, asione jiwe, akaona vile vishikizo tu. Akili yake ikang'ang'ania hapo hapo.

Mngetegemea amwendee fundi, siyo? Aende wapi! Alimwendea jirani yake, Mzee Kupaza, aliyekuwa na jibu la kila kitu. Mzee Kupaza akasema vile vyuma vinambana farasi kama kiatu cha mkopo, viondolewe. Akaenda kwa wifi yake. Wifi akasema chuma hakina kosa, ni jicho la watu, Kashata amesifiwa mno kituoni. Akaenda kwa mzee aliyewahi kuchunga farasi wa mashamba, naye akatikisa kichwa, akasema zamani vishikizo alikuwa akiwekewa farasi mwenye ukwato uliopasuka, ili usiachane. Kwa hiyo fundi ameona ufa, akauficha. Na muuza duka, ambaye hajawahi kushika mguu wa farasi maishani mwake, akasema viatu vile bila shaka vilitengenezwa kwa farasi mwingine, mkubwa zaidi, fundi akavibana bana tu vienee.

Basi Bi Hidaya alirudi nyumbani hajui ashike lipi aache lipi. Akifikiria la Mzee Kupaza, anaona ni kweli, vinambana. Akifikiria la yule mchungaji, anaona ufa ambao haupo. Akamfukizia Kashata ubani kwa ajili ya jicho, akamwosha kwato kwa ajili ya ufa, akavilegeza vishikizo kwa macho tu, maana mikono haikuthubutu. Kichwa chake kikawa kama mji ulioingiwa na nyuki. Lililomuuma kuliko yote ni kwamba alianza kumshuku Shekwavi, rafiki wa mumewe, mtu aliyelibeba jeneza.

Na fundi hakuwa amepotea. Alipita njia ile ile mara mbili akienda kazini kwake, na kila alipopita alisimama kwenye ua.

"Habari za Kashata?"

"Nzuri."

Hapa msimcheke, kwani nyinyi wenyewe ndivyo mlivyo. Sisi hata nyumba ikiwa inawaka moto, tukiulizwa habari tunasema nzuri kwanza. Ni adabu. Halafu ndipo inakuja ile "lakini", na habari yenyewe iko nyuma ya lakini. Bi Hidaya alisema nzuri, akaifikia ile lakini, akaishia hapo. Mawazoni akamwona fundi anafunga vyombo. Akamwona Kashata peku katika masika.

Mara ya pili akajaribu kupitia mlango wa nyuma. Akasema, "Viatu vya safari hii vina mambo, fundi. Mpaka vishikizo!" Alitumaini mwenzake atashtuka na kueleza. Fundi Shekwavi, ambaye watu walikuwa hawamsifu kwa kumwogopa, alifurahi mpaka akatabasamu. Akasema alivikunja mwenyewe kwa nyundo, kimoja kimoja. Akaenda zake akipiga mluzi. Na Kashata wakati huo alikuwa amefichwa nyuma ya banda, mguu mmoja ameuinua, haukanyagi chini sawasawa.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja Kashata akakataa kutoka bandani. Majirani wakaja na madumu yao, wakasimama, wakatazamana. Bi Hidaya akaona riziki yake imesimama kwa miguu mitatu. Ndipo alipofanya neno ambalo mpaka leo Kwemivumo wanalisimulia. Akamwita Mzee Kupaza avikate vile vishikizo.

Mzee Kupaza akaja na patasi na nyundo ya kuvunjia kokoto. Akauinua mguu, Kashata akautoa. Akauinua tena, majirani wakamshika farasi huku na huku. Nyundo ikagonga patasi, kishikizo kimoja kikakunjuka, na Kashata akatoa sauti ambayo Bi Hidaya hakuwahi kuisikia kutoka kwake.

Mlio wa nyundo juu ya chuma unasafiri mbali milimani, na kuna mtu mmoja aliyeujua kuliko wengine wote. Fundi Shekwavi alikuwa anapanda njia ya chini. Alipotokea uani, Mzee Kupaza alikuwa bado ameshika patasi, na kila mtu akakumbuka ana kazi nyumbani kwake, ila hakuna aliyeweza kuondoka.

Fundi hakupiga kelele. Alitoa salamu, ikaitikiwa. Akaitazama patasi. Akamtazama Bi Hidaya.

"Habari za Kashata?"

Bi Hidaya akafungua mdomo aseme nzuri, kama alivyofundishwa tangu utoto. Akamtazama Kashata anavyotetemeka, na machozi yakamtoka.

"Si nzuri," akasema. "Si nzuri, shemeji. Anachechemea tangu ulipomvalisha viatu hivi."

Hakuna aliyewahi kusikia salamu ikijibiwa hivyo. Walingoja fundi afunge mkoba. Yeye akaufungua. Akakaa chini kwenye tope, akauweka mguu wa Kashata juu ya paja lake, akachukua nyundo ndogo na kugusa kichwa cha kila msumari, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Aligonga kishikizo kilichobaki, Kashata akatulia. Alipogusa msumari wa upande wa ndani, Kashata akarusha mguu.

Akaung'oa msumari ule mmoja tu. Ulitoka na unyevu mweusi, ukafuatiwa na usaha. Msumari ulikuwa umepita karibu mno na nyama iliyo hai. Vishikizo havikuwa na kosa lolote.

"Mkono wangu uliteleza," fundi akasema, na kusema hivyo kulimgharimu, kila mtu aliona. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningeung'oa na kesho yake angeteremka. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakasirika."

"Ningekasirika," akasema Shekwavi. "Halafu ningeuinua mguu. Nimepita hapa nikakuuliza, ukasema nzuri. Farasi hasemi, nami sipigi ramli."

Mwingine angeinamisha kichwa hapo. Bi Hidaya alifuta machozi kwa ncha ya kanga, na hofu yake yote ikawa imegeuka kitu kingine.

"Na mimi je?" akasema. "Umemvalisha farasi wangu vyuma ambavyo sijapata kuviona, ukanawa mikono ukaenda. Hukuniambia ni vya nini. Wewe hupigi ramli, shemeji. Mimi nimeipiga mlima mzima. Wameniambia ni jicho, wameniambia ni ufa, wameniambia umenidanganya, na nilianza kuamini."

Fundi akaufuta ule ukwato kwa kiganja, mguu wa farasi bado uko pajani mwake. Kisha akaeleza, kwa sauti ndogo, kama mtu asiyezoea kueleza. Kwamba kwenye mteremko ule kiatu husukumwa nyuma kila hatua, misumari inabeba uzito wote, mashimo yake yanapanuka na ukwato unamegeka. Kishikizo hukishika kiatu mahali pake, misumari ikapumzika. Alikuwa amelifikiria jambo hilo mwaka mzima, kwa ajili ya Kashata, kwa sababu marehemu alimpenda. Akadhani kazi nzuri haihitaji maneno.

Kashata hakushuka mlima masika ile. Bi Hidaya alimkanda mguu kwa maji ya moto ya chumvi asubuhi na jioni, na maziwa akayashusha kichwani, akateleza, akamwaga mengi, akalia njiani na kuendelea. Fundi alikuja kila baada ya siku chache kusafisha lile tundu, na hapakuwa na hakika kama ukwato ungepona. Ulipona. Kiangazi kilipoingia, Kashata aliteremka na madumu yake, viatuni ana vishikizo vyote, hata kile alichokikunjua Mzee Kupaza, kimekunjwa upya.

Na Shekwavi naye alibadilika kidogo, si sana. Aliendelea kununa, maana hiyo ndiyo tabia yake. Lakini kila alipoingia ua wa mtu aliuliza habari za farasi, akajibiwa nzuri, naye asiinue nyundo. Alisimama tu pale, mkoba begani, akamtazama mwenye farasi usoni, akasema, "Lakini?" Akangoja.

Basi na wewe Zamzam, livue hilo gauni, ulikunje, uvuke barabara. Akikuuliza habari, sema nzuri, sikuzuii, adabu ni adabu. Kisha usiishie hapo. Farasi hasemi, fundi hapigi ramli.