Jina la Kuandika Mlangoni

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, zamani ya juzi tu, alikuwapo Mwalimu Sikudhani wa darasa la kwanza. Watoto tisini na mmoja, chumba kimoja. Madawati yamebanana, vizibo vya soda vya kuhesabia vimezagaa sakafuni. Mtoto akiitwa ubaoni, hapiti. Akitafuta kijiti cha kuhesabia, hakioni.

Afisa elimu akaja, akatazama, akatikisa kichwa. "Mwalimu, nakupa hadi Ijumaa. Nikikuta hivi hivi, nusu ya watoto nawahamishia shule ya ng'ambo."

Ng'ambo ni kuvuka mto, na daraja lenyewe ni gogo. Watoto wa miaka sita! Sikudhani hata chakula hakikupita.

Mwalimu Mpoki wa darasa la tano akamwambia, "Dada, hapa dawa ni kutoa tu." Akatoa madawati mabovu, akatoa kabati bovu, akatoa hata meza ya Sikudhani bila kumuuliza. Sikudhani alinuna, lakini njia ikapatikana.

Sasa vifaa viwekwe wapi? "Ukutani, mwanangu," akasema Bi Mwasiti, mpishi wa uji. Akaikata doti yake ya kanga, mpya, haijavaliwa hata siku moja, akashona mifuko, akaitundika kimo cha mtoto. Sikudhani akaandika juu ya kila mfuko: VIZIBO, VIJITI, KADI. Mwandiko kama wa kadi ya harusi. Akajisifu kimoyomoyo.

Ijumaa afisa akafika. Akamwita Chausiku, mdogo kuliko wote. "Niletee vijiti."

Moyo wa Sikudhani ukafanya paa! Watoto hawa wameanza shule mwezi huu, hata "a" hawaijui. Maandishi yale kamwandikia nani?

Chausiku akapita katikati ya madawati, akaenda moja kwa moja, akaleta vijiti. Akaambiwa arudishe, akarudisha palepale. Sikudhani akatazama vizuri. Kumbe kila mfuko umefungwa uzi: huu unaning'iniza kijiti, ule kizibo.

"Nani kafunga?"

"Ni mimi, Mwalimu," akasema Mzee Kasongwa, mlinzi, kwa aibu. "Jioni naokota vilivyoanguka, na kusoma sijui. Nikajiwekea alama."

Afisa akacheka. "Watoto wanabaki! Na chumba hiki kiitwe kwa jina la aliyekiokoa. Jina moja tu."

Sikudhani akashusha pumzi aliyoibana wiki nzima, akacheka huku analia. Akachukua rangi na brashi. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Bila mimi," akasema Mpoki, "mtoto asingepita."

"Bila mimi," akasema Bi Mwasiti, "angepita akute nini? Kanga yangu ndiyo hiyo ukutani, mimi nimebaki na kuukuu."

"Bila mimi," akasema Mzee Kasongwa, "angepita, akavikuta, asijue kipi kiko wapi."

"Lakini Mzee," akadakia Mpoki, "wewe alama ulijiwekea mwenyewe, watoto hukuwawazia!"

"Na wewe," Mzee akamrudishia, "meza ya watu uliitoa kwa ruhusa ya nani?"

Sikudhani yuko pale mlangoni, brashi mkononi, rangi inaanza kukauka. Watoto tisini na mmoja wanamchungulia, wote wapo, hakuna aliyevuka mto. Jina ni moja.

Je, nani alistahili? Haya, shika brashi wewe, uandike.